Kumiliki Saluni ya Kasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yametokana na miaka tisa ya kuishi na gari moja la aina hii, saluni ya milango minne yenye injini ya silinda nane na gia za mkono, pamoja na saa nyingi nilizokaa gereji nikiwasikiliza mafundi wanaoyajua. Nayapenda magari haya kwa dhati, na ndiyo maana sipendi kuona mtu akinunua moja bila kujua litamdai nini.

Saluni ya kasi ni gari la namna gani hasa?

Ni gari la milango minne, lenye buti iliyojitenga na nafasi ya watu watano, ambalo kiwanda chenyewe kimelibadilishia injini, breki, difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu), shokomzoba na usukani ili limudu mwendo ambao gari la kawaida la umbo lilelile halikuundiwa. Gari lililobandikwa nembo na kuvalishwa rimu kubwa, huku injini na breki zikiwa zilezile za kawaida, halimo katika mazungumzo haya.

Mercedes-Benz walilifanya jambo hili mwaka 1968, walipochukua injini ya lita 6.3 ya silinda nane kutoka kwenye limuzini yao ya 600, wakaitia ndani ya saluni yao ya kawaida na kuiita 300 SEL 6.3. Katikati ya miaka ya 1980 BMW walitoa M5 ya kwanza, yenye injini ya silinda sita iliyotokana na ile ya gari lao la michezo la M1, ikitoa nguvu za farasi 286 ndani ya bodi ambayo mpita njia asingeitofautisha na ya saluni yoyote iliyoegeshwa kando yake. Wajapani walikuja kwa njia nyingine. Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza WRX, zote zilizoanza mwaka 1992, zilikuwa na injini ndogo za lita 2 zenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na nguvu iliyopelekwa kwenye magurudumu yote manne, kwa sababu kanuni za mashindano ya rali zilimtaka mtengenezaji auzie umma idadi maalumu ya magari ya aina aliyotaka kushindania.

Raha yake iko wapi, ikiwa barabara karibu zote zina ukomo wa kasi?

Wanaouliza hivi hudhani kwamba raha ya gari hili iko kwenye kasi ya juu. Kwa miaka tisa nimeifikia kasi hiyo mara chache mno, na hizo siyo kumbukumbu ninazozithamini zaidi. Raha iko kwenye akiba. Uko nyuma ya lori refu, barabara mbele imenyooka na iko wazi, unashusha gia moja, unakanyaga mafuta, na lori limekwisha kubaki nyuma kabla hujamaliza kuvuta pumzi, ilhali gari la kawaida lingekuweka upande usio wako kwa muda unaotosha kuogofya. Nguvu uliyoitumia pale ni sehemu ndogo tu ya iliyopo, na kujua kwamba iliyobaki ipo kunamfanya dereva atulie, asiwe na haraka ya kumthibitishia mtu yeyote chochote.

Raha ya pili iko mikononi. Usukani wa gari lililotengenezwa vizuri hukupa habari za barabara: lami imekuwa laini, kona inabana, tairi la mbele la kushoto ndilo limebeba uzito. Breki nazo hujibu kadiri ya uzito wa mguu wako, si kwa kushtuka. Haya yote huyapata hata kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kwenye mzunguko wa barabara ulio mtupu saa kumi na mbili alfajiri.

Halafu kuna asubuhi. Injini ikiwashwa ikiwa baridi huanza kwa sauti ya juu kidogo, mizunguko ikapanda hadi karibu 1,200 kwa dakika, na mvuke mwembamba ukatoka kwenye mabomba ya egzosi na matone ya maji yakadondoka sakafuni. Baada ya nusu dakika sauti hushuka, ikawa mngurumo wa chini unaosikika zaidi kwenye kiti kuliko masikioni. Mshale wa joto la maji hufika katikati mapema. Ule wa oili hukawia sana, na mwenye gari anayejali huusubiri huo wa pili. Mimi huondoka taratibu, sizidishi mizunguko 3,000, mpaka oili ipate moto. Kungoja huko nimekupenda kama ninavyopenda kuendesha.

Je, linafaa kuwa gari la kila siku?

Linafaa, lakini kwa mtu ambaye siku zake zinafanana na safari za gari hilo. Anayesafiri kilomita 40 au zaidi kila upande, kwa barabara inayopitika, atalifaidi na gari lenyewe litakuwa na afya. Anayekwenda kilomita tatu dukani na kurudi, mara nne kwa siku, analiua polepole bila kujua, kwa sababu oili haipati joto la kutosha kuvukiza unyevu na petroli iliyojipenyeza ndani yake, na oili iliyochanganyika hivyo hailindi beringi inavyopaswa.

Foleni nazo ni mateso ya namna yake. Klachi ya gari lenye nguvu nyingi huwa nzito, na mguu wa kushoto hulijua hilo baada ya nusu saa ya kusogea hatua kwa hatua. Shokomzoba ngumu na matairi yenye ubavu mwembamba huleta kila shimo mpaka kwenye uti wa mgongo, na shimo moja lililofunikwa na maji linatosha kupinda rimu. Bampa ya mbele iko chini kiasi kwamba unajifunza kupanda matuta kwa mshazari.

Linakula mafuta kiasi gani?

Mengi, na zaidi ya yale yaliyoandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Chukua M5 ya mwaka 2005, ile ya silinda kumi: kiwango rasmi cha matumizi ya wastani kilikuwa lita 14.8 kwa kilomita 100, na tangi lake lilibeba lita 70. Maana yake, hata kama dereva angekuwa mpole kama vipimo vilivyodhani, asingefika kilomita 500 bila kusimama kituoni. Dereva wa kweli, mwenye mguu wa kweli, husimama mapema zaidi.

Ipo sababu ya kimaumbile ya mafuta kuisha ghafla mwendo unapoongezeka. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, yaani ukiongeza mwendo maradufu, injini inatakiwa itoe nguvu mara nane ili kuushinda upepo uleule. Ukishuka kutoka 140 hadi 110 kwenye barabara kuu, utaiona tofauti kwenye kipimo cha mafuta kabla hujaiona kwenye saa.

Ni lazima nitumie petroli ya okteni ya juu?

Tumia ile iliyoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi, wala usibahatishe. Injini hizi huubana mchanganyiko wa hewa na petroli kwa nguvu sana, na petroli ya okteni ndogo inaweza kuwaka yenyewe kabla ya wakati, ikaipiga pistoni kama nyundo. Kompyuta ya gari hulisikia hilo kwa vihisio na kuchelewesha cheche ili kuinusuru injini, lakini kwa kufanya hivyo inakunyang'anya sehemu ya nguvu uliyoilipia. Siku moja ya dharura haina neno, mradi uendeshe kwa upole. Kuifanya desturi ni kosa.

Kwa nini kila mwenye gari hili hulalamikia matairi?

Kwa sababu matairi ndiyo gharama inayorudi mara nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyoruhusu ubahili hata kidogo. Sehemu ya kila tairi inayogusa barabara wakati wowote ni kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Nguvu zote za injini, uzito wote wa kilo 1,800 na maisha ya waliomo ndani vinapita kwenye viganja hivyo vinne.

Ubavuni mwa tairi kuna herufi inayoonyesha kasi linayoweza kuhimili: V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270, na Y ni 300. Herufi hiyo inahusu uwezo wa tairi kustahimili joto, na ni kosa la hatari kufunga matairi ya daraja la chini kwa sababu eti wewe huendi mbio. Magari mengi ya aina hii, hasa yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, huwa na matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele, hivyo huwezi kuyahamisha nyuma kwenda mbele ili yaishe sawasawa kama ufanyavyo kwenye gari jingine. Ya nyuma hutangulia kuisha, na huisha upande wa ndani, usioonekana ukiwa umesimama kando ya gari, kwa sababu magurudumu hufungwa yakiwa yameinama kidogo kuelekea ndani ili gari lishike kona.

Hili nililijifunza kwa mkono wangu. Gari langu lilionekana lina matairi mazuri. Mifereji ya nje ilikuwa na kina cha kutosha. Nilipopiga magoti nyuma ya gurudumu na kupitisha vidole ukingo wa ndani, nilihisi kitu kinachokwaruza kama brashi ya waya. Zilikuwa nyuzi za chuma za tairi lenyewe, zimeshatokeza nje ya mpira, na juzi yake nilikuwa nimewabeba wanangu kwa mwendo wa barabara kuu. Tangu siku ile hupitisha mkono ukingo huo kila Jumamosi, na alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, naipima kila ninapobadili tairi hata moja.

Na breki?

Nishati inayobebwa na gari lililo kwenye kilomita 200 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 100, si mara mbili, na yote inapaswa kugeuzwa joto na diski na pedi ndani ya sekunde chache. Ndiyo sababu diski za gari hili ni kubwa kuliko rimu nzima za magari madogo, na seti yake ya diski na pedi humfanya mtu akae chini anaposikia bei. Diski za kauri ni nyepesi na hudumu sana barabarani, lakini zikiharibika kwenye uwanja wa mbio au fundi akizipiga kingo anapofungua gurudumu, kuzibadili kunaweza kukaribia thamani ya gari lililotumika.

Kitu cha bei nafuu kinachosahaulika ni oili ya breki. Hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukizidi huchemka kwenye joto kubwa, kanyagio likazama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari limelala tu.

Mbona yaliyotumika yanauzwa bei ya chini kiasi hiki? Je, si fursa?

Hapa ndipo watu wengi huumia, na ndilo swali ambalo nisingependa msomaji aliruke. Bei ya gari hushuka. Bei ya vipuri vyake haishuki. Saluni ya kasi iliyokuwa ghali mno ikiwa mpya huweza kupatikana baada ya miaka kumi na miwili kwa bei ya gari dogo jipya, lakini beringi, turbo, shokomzoba za kielektroniki na gia boksi yake bado zinauzwa kwa bei ya gari lililokuwa ghali mno. Anayenunua kwa kutumia senti yake ya mwisho amenunua tatizo. Kanuni ninayowaambia rafiki zangu ni kwamba kiasi kisichopungua robo ya bei ya ununuzi kibaki pembeni kwa mwaka wa kwanza, na kisiguswe kwa jambo jingine.

Kabla ya kulipa, lisikie gari likiwashwa likiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla hujafika anaweza kuwa anaficha mlio. Shika boneti kwa kiganja kwanza. Ikiwa na uvuguvugu, aga kwa heshima na urudi siku nyingine. Taka karatasi za kila mara oili ilipomwagwa, kwa sababu injini hizi huharibiwa zaidi na oili iliyochelewa kubadilishwa kuliko na kilomita nyingi. Gari lenye kilomita 180,000 na karatasi kamili nitalichukua mbele ya lenye 70,000 lisilo na historia. Injini yenye tabia ya kula beringi za konrodi, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na mhimili wa injini, haionyeshi dalili mapema. Fundi makini hupeleka sampuli ya oili maabara kutafuta chembe za shaba na risasi, na akizikuta nyingi hukushauri ushushe kateri (bakuli la oili chini ya injini) na kubadili beringi kabla hazijaivunja injini.

Mimi mwenyewe nilikosea. Nililipenda gari langu dakika ya kwanza, nikapuuza doa jeupe lililokauka kwenye kiungo cha bomba la maji, na baada ya wiki sita likachemsha nikiwa safarini. Gereji ya kwanza ilibadili themostati, ikanitoza, na tatizo likabaki palepale. Fundi wa pili, mzee asiyesema sana, alilitia presha rejeta, akasubiri, kisha akaninyooshea kidole tone moja lililokuwa likijikusanya chini ya pampu ya maji. Lilichukua dakika kumi kuanguka. Alikuwa amelingoja muda wote huo akiwa amechuchumaa.

Nimeambiwa naweza kuongeza nguvu kwa kuprogramu upya kompyuta ya gari. Nifanye?

Kwenye injini ya turbo inawezekana kupata nguvu nyingi kwa nusu saa ya kazi, na hilo ni kweli. Lakini waliolitengeneza gari walikadiria injini, gia boksi, mfumo wa kupooza na breki kwa pamoja, na ukiongeza nguvu umegusa kimoja na kuviacha vingine. Dhamana ya kiwanda huweza kufutwa, na bima isiyoarifiwa inaweza kukataa kulipa. Ushauri wangu ni kwamba fedha hiyo inunue matairi bora, bushi mpya za miguu na oili ya breki. Gari litakwenda vizuri zaidi kuliko hapo awali, na utalihisi kila kona.

Bima yake ikoje?

Ghali, na kwa dereva kijana huwa ghali zaidi. Uliza gharama ya bima kabla ya kununua, si baada ya kununua. Kwa kawaida bima za barabarani hazilipi ajali ya uwanja wa mbio.

Nitajifunzaje kuliendesha ipasavyo?

Kwa mwalimu, uwanjani, siku ya mvua ikiwezekana. Vifaa vya kielektroniki vya kuzuia kuteleza vimeokoa wengi, lakini haviwezi kuipa barabara mshiko isiokuwa nao. Dereva aliyewahi kuhisi mkia wa gari ukitoka kwa kilomita 50 mahali palipo salama hujua mguu wake una nini chini yake. Kiwanda kimeweka ukomo wa kielektroniki wa kilomita 250 kwa saa kwenye mengi ya magari haya, ukomo ambao watengenezaji wa Ujerumani waliukubali kwa hiari yao, lakini katika maisha ya kila siku ukomo wenye maana ni umbali unaoweza kuuona mbele yako.

Familia italipenda?

Watoto hulipenda. Anayekaa kiti cha nyuma kwa saa nne juu ya shokomzoba ngumu atakuwa na maoni mengine, na ni haki yake asikilizwe kabla ya gari kununuliwa.

Ya umeme na ya mseto (petroli na umeme pamoja) yameyapita haya ya petroli?

Kwa mwendo wa kuondoka yameyapita kwa mbali. Tesla Model S Plaid ina zaidi ya nguvu za farasi 1,000, na Mercedes-AMG C63 iliyozinduliwa mwaka 2022 iliacha silinda nane na kutumia injini ya lita 2 yenye silinda nne ikisaidiwa na mota ya umeme. Kinachonisikitisha ni uzito. M5 ya kwanza ilikuwa na kilo 1,400 na kitu. Ile ya mseto iliyotoka mwaka 2024 inazidi kilo 2,400. Kompyuta na magurudumu ya nyuma yanayogeuka huuficha uzito huo kwa ustadi mkubwa, lakini matairi na breki haviwezi kudanganywa, na mikono ya dereva pia huutambua kona inapokuwa ndefu. Anayetaka utulivu, wepesi wa kuondoka na gharama ndogo ya nishati atafurahi nayo. Anayetaka ule mngurumo wa asubuhi itabidi atafute gari la zamani lililotunzwa, na kila mwaka yanapungua.

Nitajuaje kwamba wakati wa kuliuza umefika?

Siku utakapoanza kuahirisha matengenezo kwa sababu ya fedha, liuze likiwa bado zima, pamoja na karatasi zake zote, kwa mtu atakayeweza kulitunza. Ikiwa fedha ipo lakini unajikuta umepita wiki tatu bila kuliwasha, lipe safari moja ndefu peke yako, na redio ikiwa imezimwa. Mimi nimefanya safari hiyo mara mbili nikiwa nimeshaandika tangazo la kuuza, na mara zote mbili nilirudi nyumbani nikalichana.